Mawe kwenye figo: maumivu yakikushika ufanye nini, na unywaje maji kwenye baridi ya huku kwetu juu

Kamwene wana Iringa na Njombe, na nyie wa Mbeya na Songwe habari za saizi. Hii ni ya mtu ambaye ameshaambiwa ana mawe kwenye figo, au bado hajaambiwa ila kuna maumivu ya ubavuni yanamshika na kumwachia na kila akienda kupima anaambiwa UTI. Nitaenda hatua kwa hatua kuanzia pale maumivu yanapoanza mpaka namna ya kuzuia yasirudi, na hapo kwenye kuzuia ndo nitakaa sana, maana huku kwetu tuna shida yetu ya peke yetu, baridi inatuondolea kiu ila haituondolei uhitaji wa maji. Mtu wa Makete au Mafinga anatoka asubuhi mpaka jioni na vikombe viwili vya chai na hasikii chochote. Wa Dar akisahau maji jasho linamkumbusha, huku nani akukumbushe.

Kwanza uelewe kinachotokea, kwa ufupi tu. Mkojo umebeba madini yaliyoyeyuka, kalsiamu, oksaleti, asidi ya yuriki na mengine. Maji yakiwa machache hayo madini hayayeyuki yote, yanaanza kuganda, punje inashikana na punje, muda unaenda jiwe linakua. Likiwa limetulia ndani ya figo mara nyingi huna hata habari nalo, kuna watu wanaligundua kwa bahati wakipimwa altrasaundi ya kitu kingine kabisa. Kasheshe inaanza siku limetoka hapo likaingia kwenye mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo kwenda kwenye kibofu. Mrija wenyewe una urefu wa kama sentimita 25 hadi 30 ila upana wake ndani ni milimita 3 au 4 tu. Jiwe likikwama mkojo unarudi nyuma, figo inajaa na kutanuka, mrija nao unajikaza kulisukuma, hapo ndo unamkuta mtu mzima anagaragara sakafuni.

Na jamani mchanga wa kwenye maharage au kwenye mchele hauhusiki na haya mawe. Hii imani ipo sana huku, mama anachambua mchele anasema nisije nikawapa watu mawe. Achambue tu meno yasivunjike, ila mchanga ukimezwa unatoka na choo, haufiki kwenye figo.

HATUA YA 1: Jua kama haya maumivu yanafanana na ya jiwe

Maumivu ya jiwe huwa yanaanza ghafla, mara nyingi upande mmoja, nyuma ubavuni chini ya mbavu, alafu yanashuka kuja mbele tumboni mpaka kwenye kinena. Mwanaume anaweza kuyasikia mpaka kwenye korodani, mwanamke mpaka kwenye mashavu ya uke. Yanakuja kwa mawimbi, yanapanda yanafika juu kabisa unahisi kufa, yanashuka unapumua kidogo, yanapanda tena, na wimbi moja linaweza kukaa dakika 20 mpaka saa nzima. Pamoja nayo kichefuchefu na kutapika, jasho la baridi, na mkojo unaweza kuwa na damu, wa pinki au rangi ya chai ya rangi, japo damu nyingine haionekani kwa macho mpaka maabara.

Kitu kimoja kinachonisaidiaga kutofautisha ni jinsi mtu anavyojiweka. Mwenye jiwe hatulii. Anakaa, anasimama, anapiga magoti kitandani, anajikunja, anatembea koridoni kashika kiuno, hakuna mkao unaompa nafuu. Mwenye kidole tumbo au tumbo lililochafuka ndani yeye anataka alale kimya asiguswe, hata gari likipita kwenye tuta analalamika. Na maumivu ya mgongo ya kawaida, yale ya kubeba gunia la viazi, yanabadilika ukiinama au ukijigeuza, ya jiwe hayajali umekaaje.

Jiwe likishuka mpaka karibu na kibofu mambo yanabadilika, unaanza kubanwa na mkojo kila saa, ukienda yanatoka matone mawili yanayochoma. Hapo ndo watu wanapopewa jina la UTI. Sisemi UTI haipo, ipo na inauma, ila kama umeshapewa antibayotiki mara ya pili na ya tatu, maumivu yako yanatokea ubavuni na kwenye mkojo wako wanaona damu, basi mtu aangalie figo zako. Kuna ndugu yangu alizungushwa na UTI na taifodi kwa zahanati moja muda mrefu tu, siku ya kwenda kupigwa altrasaundi figo ya kushoto ishajaa maji.

HATUA YA 2: Kabla ya dawa yoyote, angalia hatari

Hapa nisikilize vizuri. Kuna hali ambazo husubiri kupambazuke, unatafuta usafiri usiku huohuo hata kama uko Kikondo au ndani kabisa Mufindi.

Homa au kutetemeka kwa baridi pamoja na maumivu ya ubavu ndo ya kwanza na ndo mbaya kuliko zote. Maana yake inawezekana mkojo umezibwa na jiwe alafu nyuma yake kuna wadudu, yaani usaha uko chini ya presha ndani ya figo, na hiyo inaingia kwenye damu na kuua mtu ndani ya muda mfupi. Antibayotiki peke yake hapo haitoshi, inabidi mkojo ufunguliwe njia. Tatizo la huku ni kwamba mtu akitetemeka mwezi wa saba watu wanasema ni hii baridi tu, mfunike blanketi. Pima joto. Kama kipimajoto hamna, kutetemeka mpaka meno yanagongana na ubavu unauma inatosha, nendeni.

Nyingine ni kutopata mkojo kabisa, au mtu ambaye ana figo moja tu inayofanya kazi, au mjamzito, au unatapika mpaka hata maji hayakai, au dawa ya maumivu umeshapewa na haijapunguza chochote. Pia mtoto mdogo, huyo hasubiriwi nyumbani.

Alafu kuna magonjwa mengine yanajifanya jiwe. Mwanamke aliyepitiliza siku zake na ana maumivu makali ya chini ya tumbo upande mmoja afikiriwe mimba ya nje ya kizazi kabla ya kitu kingine chochote. Kijana mwenye korodani inayouma ghafla na imevimba inawezekana imejisokota, na hiyo ina kama saa 6 tu kabla haijafa, kwaiyo asikae nayo kwa aibu. Na mzee wa miaka 60 kwenda juu ambaye hajawahi kuumwa mawe maishani, leo ndo anashikwa ubavu na anakuwa kama anataka kuzimia, inawezekana ni mshipa mkubwa wa damu tumboni, huyo akimbizwe.

HATUA YA 3: Tuliza maumivu

Kama hakuna hata moja kati ya hizo hapo juu, tunaweza kuongelea dawa. Dawa zinazofanya kazi vizuri kwa maumivu ya jiwe ni zile za kundi la diklofenaki na ibuprofeni, kwa sababu zinapunguza ile presha na uvimbe kwenye figo na mrija wenyewe. Hospitali mara nyingi wanaanza na sindano ya diklofenaki ya miligramu 75 kwenye msuli na watu wengi wanapata nafuu ndani ya nusu saa hivi, maumivu yakibaki wanaongeza vitu vikali kama tramado, ila hiyo ni ya kuandikiwa na daktari sio ya kuomba dukani kwa jirani.

Sasa hizi hizi dawa zina watu wasiotakiwa kuzigusa bila daktari. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo ambazo zimeshaambiwa zina shida, mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, mzee anayemeza dawa za presha, mtu aliyetapika na kuharisha mpaka kakauka. Na usichanganye diklofenaki na ibuprofeni kwa pamoja ukidhani unaongeza nguvu, ni kundi moja hizo, unachoongeza ni madhara. Usimeze tumbo likiwa tupu. Asiyeweza hizi atumie parasetamo, mtu mzima gramu 1 kila baada ya saa 6 na isizidi gramu 4 kwa siku, sio kali sana ila inasaidia na ni salama zaidi kwa wengi.

Joto nalo linasaidia kwelikweli, na huku kwetu hatukosi maji ya moto. Chukua chupa ngumu isiyovuja, weka maji ya moto yasiyochemka, funga kwenye kitenge mara mbili uweke ubavuni. Chupa laini za plastiki za maji ya dukani zinajikunja na kufunguka, mtu anaishia kuungua mgongo juu ya mateso aliyonayo.

Kitu kinachonishangazaga ni ushauri wa kumnywesha mgonjwa maji lita tatu wakati wimbi limempanda, eti yasukume. Hayasukumi. Njia imeziba, ukiongeza maji kwa nguvu unaongeza presha juu ya kizibo na maumivu yanazidi, alafu atatapika yote. Wakati wa maumivu makali anywe kidogokidogo asikauke tu. Maji mengi yana wakati wake, tutafika.

Bia pia. Kuna dhana ya kwamba bia mbili tatu zinasukuma jiwe, na huko Iringa msimu wa ulanzi utasikia hivohivo kuhusu ulanzi, Mbeya wanakwambia komoni. Pombe inakukojoza ni kweli, ila inakutoa maji mwilini na ukichanganya na diklofenaki tumbo na figo vinapata tabu mara mbili. Kama unataka kunywa kunywa siku nyingine kwa starehe zako, usiite dawa.

HATUA YA 4: Hospitali, sema nini na pima nini

Ukifika usiseme tu "naumwa tumbo". Sema yalianza saa ngapi, upande gani, yanashukia wapi, yanakuja kwa mawimbi au yako palepale, umetapika mara ngapi, mkojo una rangi gani, umeshawahi kuumwa mawe au kuna mtu kwenu anayo, na umeshameza dawa gani tangu yaanze. Hilo la mwisho watu wanalificha, hasa kama wamepita kwa mtu wa miti shamba. Liseme tu, dokta sio polisi.

Vipimo vya kuanzia ni mkojo, ambao unaonyesha damu na kama kuna maambukizi, na damu kuangalia kreatinini, yaani figo zinachuja vipi. Mwanamke wa umri wa kuzaa apime na ujauzito kabla ya mionzi yoyote. Baada ya hapo altrasaundi, ambayo siku hizi ipo hata kwenye vituo vya afya vingi, inaona vizuri kama figo imejaa maji na inaona mawe yaliyo ndani ya figo, ila jiwe lililoko katikati ya mrija inaweza kulikosa. Kwaiyo ukipewa jibu "hakuna jiwe ila figo imetanuka" usishangilie, maana yake kuna kitu kimeziba na hakijaonekana bado. Eksirei inaona mawe ya kalsiamu, ya asidi ya yuriki haiyaoni. Kipimo kinachomaliza ubishi ni siti skani bila ya kuchomwa dawa ya rangi, kinaonyesha jiwe lilipo na ukubwa wake kwa milimita.

Hiyo siti skani haipo kila mahali ndo maana kuna suala la rufaa. Kwa ukanda wetu wengi wanaishia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, wa Iringa na Njombe wanaanzia hospitali zao za rufaa za mkoa, na wengine wanapanda mpaka Ikonda kule Makete, watu wanaijua mpaka mikoa ya mbali. Kabla hujasafiri piga simu uulize vitu viwili tu, mashine inafanya kazi leo, na daktari wa mfumo wa mkojo yupo siku gani. Nauli ya Ikonda sio ya kwenda kubahatisha. Mwenye bima aende na karatasi ya rufaa iliyojazwa kabisa, usianze kuhangaikia muhuri ukiwa dirishani.

Na damu kwenye mkojo bila maumivu yoyote usiiweke kwenye hesabu ya mawe moja kwa moja. Kichocho kinaleta, hasa kwa mtu aliyekulia kwenye mabwawa na majaruba ya mpunga, na saratani ya kibofu inaleta pia. Hiyo ichunguzwe mpaka mwisho hata kama imekata yenyewe.

HATUA YA 5: Soma jibu lako, kila kitu kiko kwenye milimita

Mtu anatoka na karatasi anasema "nimeambiwa nina jiwe" basi. Uliza mambo matatu, lina milimita ngapi, liko wapi, na figo imetanuka kiasi gani. Jiwe chini ya milimita 5 mara nyingi linatoka lenyewe. Kati ya 5 na 10 ni kama nusu kwa nusu, na likiwa limeshashuka karibu na kibofu nafasi ni nzuri kuliko likiwa bado juu. Likizidi milimita 10 usikae ukisubiri muujiza, huyo ni wa kufanyiwa kitu.

Mrija una sehemu tatu nyembamba, pale unapotoka kwenye figo, pale unapovuka mishipa mikubwa ya damu ya nyonga, na pale unapoingia kwenye kibofu. Jiwe linapenda kukwama hapo, ndo maana maumivu yanahama, wiki hii ubavuni, wiki ijayo kinenani. Kuhama ni dalili kwamba linasafiri.

HATUA YA 6: Kama mmekubaliana kusubiri litoke

Kusubiri sio kukaa tu. Daktari anaweza kukupa tamsulosini, kidonge kimoja cha miligramu 0.4 kwa siku, kinalegeza mrija hasa sehemu ya chini, na kinasaidia zaidi mawe ya milimita 5 mpaka 10. Kinashusha presha ya damu kidogo kwaiyo ukiamka kitandani usiruke, kaa kwanza, na mwanaume asishtuke akiona mbegu hazitoki kama kawaida, inarudi ukiacha dawa.

Kunywa maji ya kawaida kwa siku nzima, tembea, kazi nyepesi fanya. Alafu kojoa kwenye chujio. Ndio, chujio la chai lile dogo la waya, nunua jipya Mwanjelwa au soko lolote ulilonalo karibu, liwe la kazi hiyo tu na uliweke pembeni watu wasije wakalirudisha jikoni. Au kojolea kwenye kopo alafu mimina mkojo kwenye chujio. Unachokitafuta unaweza kukidharau, ni kama punje ya ulezi, kahawia au nyeusi, ukiipitisha kidole inakwaruza kwa sababu ina vimiba pembeni. Ukiipata usiitupe na usiitunze kwa ajili ya kuonyesha wageni, ikaushe, weka kwenye kichupa au karatasi, mpelekee daktari. Ikipimwa mtajua ni ya aina gani, kalsiamu oksaleti ambayo ndo ya wengi, au asidi ya yuriki, au lile linalotokana na maambukizi, na ushauri wa chakula unategemea hapo.

Sasa hili ni la kushika. Maumivu kuisha sio uthibitisho kwamba jiwe limetoka. Figo iliyozibwa kwa muda inaweza kupunguza kazi na maumivu yakanyamaza huku yenyewe inakufa polepole. Kama hujaliona kwenye chujio, rudi upigwe picha tena, na kwa kawaida haipiti wiki 4 mpaka 6 bila uamuzi. Watu wengi huku wanakata hapo, maumivu yameisha, mvua zimeanza, shamba linasubiri, basi. Anakuja kurudi mwaka mwingine figo moja imeshalala.

HATUA YA 7: Lisipotoka

Hii nitapita haraka maana uamuzi ni wa daktari. Kuna kuvunja kwa mawimbi kutoka nje ya mwili bila kukatwa, kuna kuingiza kamera nyembamba kupitia njia ya mkojo na kulivunja kwa leza, kuna kutoboa tundu dogo mgongoni kwa mawe makubwa ya ndani ya figo, na upasuaji wa wazi bado unafanyika pale vifaa vingine havipo. Baadhi ya hizi utatumwa Dar au Dodoma.

Ila hapa kuna kitu nataka ukiandike ukutani, stenti. Ni kale kamrija laini wanakokaacha ndani kati ya figo na kibofu ili mkojo upite. Kanakera, unasikia kukojoa kila mara, unaweza kuona damu kidogo ukifanya kazi nzito, hiyo ni kawaida. Shida ni kwamba kanatakiwa kutolewa, kwa kawaida ndani ya miezi 3 au tarehe utakayopewa, na mtu akipata nafuu anakasahau. Stenti iliyosahaulika inaota mawe yenyewe juu yake, na kuitoa inakuwa kazi kubwa kuliko jiwe la mwanzo. Uliza waziwazi kabla hujaruhusiwa, "mmeniwekea kamrija ndani? Kanatoka lini?" Weka tarehe kwenye simu, mwambie na mtu wa nyumbani.

Dawa za kuyeyusha mawe zinazouzwa stendi na minadani, kwenye vichupa vya njano, mimi siziamini na nakwambia kwanini. Jiwe la kalsiamu oksaleti haliyeyuki kwa dawa ya kunywa. La asidi ya yuriki ndo linaweza kuyeyushwa, kwa dawa za kupunguza ukali wa mkojo na daktari akifuatilia vipimo. Anayekuuzia kichupa hajui hata lako ni lipi. Mafuta ya kula na limao asubuhi, hivohivo.

HATUA YA 8: Zuia, na hapa ndo penyewe

Aliyewahi kupata jiwe moja ana uwezekano wa kama nusu kupata lingine ndani ya miaka 10 asipobadilisha kitu. Na kitu cha kubadilisha namba moja ni maji, unatakiwa ukojoe lita 2 mpaka 2.5 kwa siku. Zingatia, nimesema ukojoe, sio unywe. Kufika hapo wengi wanahitaji kunywa lita 2.5 hadi 3, na uliyeko Kyela, Usangu au kwenye mashimo ya dhahabu Chunya unahitaji zaidi ya hapo maana jasho linabeba mengi.

Jipime siku moja. Tafuta kidumu cha lita 5, kisafishe, mimina maji ya chupa ya nusu lita mara moja, chora mstari kwa kalamu ya wino mzito, mimina tena, chora, mpaka mistari mitano. Mwaga maji. Kesho yake ukiamka kojoa ule wa kwanza chooni, kuanzia hapo kila mkojo weka kwenye kidumu mpaka ule wa kuamka kesho kutwa, alafu angalia umefika mstari wa ngapi. Watu wengi wa huku wakifanya hivi wakati wa baridi wanashangaa, hawafiki hata mstari wa pili. Siku za kawaida tumia rangi tu, uwe mweupe wenye unjano wa mbali sana. Ukiwa wa njano iliyoiva, ongeza.

Namna ya kunywa kwenye baridi: sahau maji ya baridi. Chemsha asubuhi, jaza chupa ya chai ya lita moja na nusu au mbili, kaa nayo popote ulipo, ofisini, dukani, kwenye kibanda cha miamala. Maji ya uvuguvugu yanapita kirahisi hata Njombe asubuhi ya mwezi wa saba. Weka mchaichai au tangawizi kama hupendi ladha tupu. Kikombe kimoja ukiamka, kimoja kila ukimaliza kazi fulani, kimoja na kila chakula, na kimoja kabla ya kulala, cha kulala usikiruke maana usiku ndo mkojo unakuwa mzito. Utaamka kukojoa? Utaamka. Weka ndoo ndani kama choo kiko nje na baridi inakutisha, mabibi zetu walifanya hivohivo.

Madereva wa malori ya Tunduma na wa mabasi, na abiria pia, nawajua nyie, mnakunja koo ili msisimame njiani. Kuchimba dawa sio dhambi. Mwambie konda mapema, au panga kunywa kuelekea sehemu ambayo gari husimama, kuliko kutoka Dar mpaka Mbeya na chupa moja ya soda. Soda zenyewe na juisi za sukari nyingi usizihesabu kama maji, sukari ile inaongeza hatari ya mawe.

Chumvi inafuata. Ukila chumvi nyingi figo inamwaga kalsiamu nyingi kwenye mkojo. Kiwango ni gramu 5 kwa siku, kijiko cha chai kimoja kwa vyakula vyote. Sasa chipsi zinazomwagiwa juu, embe mbichi na chumvi, kachumbari, supu ya asubuhi, hesabu mwenyewe. Nyama nayo iwe kwa kiasi, kitimoto kila jioni na usipa (wale dagaa wa Ziwa Nyasa) kwa wingi vinapandisha asidi ya yuriki, hasa kama tayari una gauti, yale maumivu ya viungo yanayoletwa na asidi hiyohiyo.

Maziwa usiache. Watu wakisikia jiwe ni la kalsiamu wanakimbia maziwa, wakati ni kinyume. Kalsiamu ya kwenye chakula inaikamata oksaleti humohumo tumboni inatoka nayo chooni kabla haijafika kwenye figo. Na sisi Rungwe na Njombe maziwa yapo, tunayo bahati. Ya kuangalia ni vidonge vya kalsiamu na vile vya vitamini C vya dozi kubwa, hivyo uliza kwanza.

Oksaleti iko kwa wingi kwenye mchicha, spinachi, karanga, magimbi, na chai. Hapo kwenye chai najua nikimwambia mtu wa Tukuyu au Mufindi aache atanifukuza, na wala sihitaji kumwambia hivo. Inywe na maziwa badala ya ile ya rangi iliyokolea mpaka nyeusi, na isiwe ndo kinywaji chako pekee. Mchicha kula mara mojamoja, chemsha umwage maji, siku nyingine zungusha na chainizi, kabichi au sukuma wiki ambazo oksaleti yake ni ndogo. Hii ni kwa aliyethibitishwa ana mawe ya oksaleti, wengine kuleni mboga zenu kwa amani.

Malimao na ndimu zina sitreti inayozuia madini yasigandane. Kamua malimao mawili kwenye maji yako ya siku nzima, usiweke sukari. Mwenye vidonda vya tumbo aende taratibu, na suuza mdomo kwa maji baadaye, asidi inakula meno.

Altrasaundi ya kuangalia kama kuna jipya ifanyike kwa ratiba utakayopewa, wengi ni mara moja kwa mwaka mwanzoni. Karatasi za vipimo vyote, picha, jina la dawa na majibu ya jiwe kama lilipimwa weka kwenye bahasha moja, piga na picha kwa simu, maana siku likikushika usiku ukiwa Makambako kwa shemeji, dokta wa zamu pale hakujui, na hiyo picha itamwambia unaanzia wapi.